Jibu ni Mia

Siku ya pili ya semina, mwezeshaji alifungua daftari lake dogo akanionyesha ukurasa uliojaa vijiti vya kuhesabia, vinne vimesimama na cha tano kimevilalia, mafungu kwa mafungu, kama tunavyohesabu kura za kiranja. Nilidhani ni mahudhurio ya walimu. Kumbe jana yake alikuwa amekaa nyuma ya darasa langu dakika arobaini, na kila nilipoliachia neno njiani ili wanafunzi walimalizie, alipiga kijiti kimoja. Vilitimia sabini na kimoja.

"Kila kijiti ni swali ulilouliza, Mwalimu," alisema kwa adabu. "Ila sina hakika kama yalikuwa maswali."

Mwalimu yeyote wa rika langu anaijua mbinu hii, ingawa hakuna chuo kilichowahi kuiandika. Unasema, "Mimea hujitengenezea chakula kwa msaada wa mwanga wa ju...?" kisha unainua mkono na nyusi kwa pamoja, na darasa zima linakurudishia, "Jua!" Ukitaka uhondo zaidi unaweka kiganja sikioni na kusema hujasikia, nao wanarudia mpaka vioo vya madirisha vinatetemeka. Mkaguzi akipita barazani anajua hapa pana kazi. Nimeifanya kazi hiyo miaka ishirini na sita, na wanafunzi waliniita Mwalimu Malizia zamani sana, jina ambalo hawa wa sasa wamelirithi kwa wazazi wao. Hata mezani nyumbani humwambia mke wangu, "Nisogezee hiyo chu...?" naye hujibu, "Chumvi, na mkono unao."

Sasa huyu binti mwezeshaji, rika la kitindamimba wangu, alikuwa ametumwa aje kunivua joho langu mbele ya watu. Siku aliyofika alipanda ngazi za shule yetu akitweta, akashika ukingo, akasema hewa ya mji wetu ni nyepesi mno. Tulicheka, sisi watu wa mlimani tuliozoea. Kisha akatukalisha ukumbini kwenye viti vya watoto, magoti yakitugusa videvu, akatugawia kadi za rangi na kalamu nene. Neno lake lilikuwa moja tu kwa siku zote mbili: mwanafunzi ashike, aone, apime, ndipo aseme. Nilikereka. Alizungumza kana kwamba kabla yake tulikuwa tunafundisha mawe.

Mchana ule mwalimu mkuu aliniita ofisini. Alikuwa anaitazama kalenda ya ukutani muda wote alipozungumza nami, na mtu akikuambia jambo huku anatazama kalenda, jua limeshaamuliwa. Alhamisi nitafundisha somo la mfano, kwa vitendo, mwezeshaji na walimu wote wakitazama. Nikiweza, vema. Nisipoweza, sayansi ya darasa la saba itakwenda kwa yule kijana aliyeajiriwa mwaka jana. Si adhabu, alisema, ni mabadiliko tu. Nilitoka nikiwa nimekasirika na nimeogopa, na sikujua lipi lilikuwa kubwa zaidi. Darasa la saba ndiyo kazi yangu. Watoto wangu wa kuzaa wamekua wakaondoka, lakini darasa la saba huwa lipo kila Januari, na huwa linaningoja.

Tangu hapo miguu yangu haikutulia. Nilianza kuandika andalio la somo, nikasimama, nikafuta ubao uliokuwa safi. Niliketi tena nikaandika mstari mmoja, nikaenda dirishani. Mke wangu alisema nikiendelea kuzunguka hivyo sebuleni atanifunga kengele. Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi, ndivyo wanavyosema, na mimi nilikuwa na siku mbili za kujifunza kuchinja.

Nilichagua somo rahisi kuliko yote, kuchemka kwa maji. Nani anaweza kushindwa kuchemsha maji? Halafu, kwa kuwa mtu akiogopa hukimbilia mavazi, nikaenda kwa fundi kupimwa koti jeupe la maabara.

Fundi mwenyewe ni mpwa wangu, binti wa dada yangu. Chumba chake ni chembamba, kina cherehani mbili, bango la mitindo, sanamu ya kuvalishia isiyo na kichwa, na sare za shule zimening'inia mpaka mlangoni. Juu ya mlango ameandika kwa rangi nyekundu, USHONAJI WA TISINI. Hilo ndilo jina ambalo mji mzima unamwita, na aliyempa ni mimi. Alipokuwa na miaka kumi na mitatu, katika darasa langu hilohilo la saba, nilisema maji huchemka kwa nyuzi mi...? na watoto arobaini wakaitikia mia, isipokuwa sauti moja nyembamba ya karibu na dirisha iliyosema tisini na tano. Kisa hicho nimekisimulia katika kila harusi ya ukoo wetu. Nakisimulia vizuri, naijua sauti yake ya wakati ule, najua pa kupumzika ili watu wacheke. Yeye hucheka pamoja nasi. Nilipoona ameliandika jina lile mlangoni nilifurahi, nikaona kumbe utani wetu umemletea wateja.

"Shikamoo, Mjomba. Inua mikono," alisema, pini zikiwa mdomoni.

Aliniwekea kamba ya kupimia mabegani. Nilichungulia nikaanza kusoma, arobaini na...? nikingoja. Alisema arobaini na sita, kisha akanishika mabega akaniomba nitulie, maana natikisika kama cherehani iliyolegea skrubu. Nikamweleza habari za semina, vijiti sabini na kimoja, mwalimu mkuu na kalenda yake. Alicheka hasa aliposikia vijiti. Akauliza nitafundisha nini. Nikamwambia.

Alizitoa pini mdomoni moja moja. "Watapima wenyewe?"

"Ndiyo mbinu yao ya siku hizi. Kila kundi na kipimajoto chake."

Aliandika vipimo vyangu juu ya kipande cha boksi, polepole, kama mtu anayenakili anwani. "Basi siku hizi wanaruhusiwa," alisema. Akaniambia koti litakuwa tayari kesho jioni.

Jumatano nilifungua kabati la vifaa. Ufunguo wake nautembeza mfukoni mwaka wa kumi na tisa huu, na sababu yake ni kwamba vifaa vikiguswa huvunjika. Vipimajoto vilikuwa vitano, vimelala kwenye pamba, vipya kama siku viliyoletwa. Makundi yalikuwa sita. Chini kabisa, ndani ya boksi la vitu vilivyokufa, nilikikuta cha sita, kimefungwa kikaratasi chenye mwandiko wangu mwenyewe: KIBOVU.

Nilikikumbuka. Kulikuwa na kipande cha kile kisa ambacho sikukisimulia harusini, si kwa kukificha, bali kwa sababu hakichekeshi. Mpwa wangu ndiye aliyekuwa akipangusa vumbi la kabati kila Ijumaa. Siku moja alichukua kipimajoto akaenda nacho jikoni kwa mama yake. Siku ya jibu lake, nilipomsimamisha, alisema, "Nimepima, Mwalimu. Nimepima mara tatu." Shuleni aliniita Mwalimu, kama wenzake. Mimi sikusikia habari ya kupima. Nilichosikia ni kwamba kifaa cha serikali kimetoka kabatini. Nilikidai, akakitoa kwenye mfuko wa sketi kikiwa kimeviringishwa kwenye soksi safi. Nikatangaza kuwa kifaa hicho ni kibovu, nikamgeukia yeye nikasema maji huchemka kwa nyuzi mi...? Alikitazama kipimajoto mkononi mwangu. Nikaliomba darasa limsaidie. Likamsaidia mara tatu, mara ya tatu wakipiga na madawati, ndipo na yeye akasema mia.

Nilikipangusa kile kipimajoto nikakiweka pamoja na vingine. Kundi la nyuma watakitumia, niliwaza, wakipata jibu la ajabu nitaeleza habari ya vifaa vyenye hitilafu, na mwezeshaji atafurahi. Alikuwa ametuonya kwamba kila jaribio lazima mwalimu alifanye mwenyewe kabla ya somo. Sikulifanya. Jibu nilikuwa nalo miaka ishirini na sita. Kulijaribu niliona ni kumfundisha samaki kuogelea.

Alhamisi niliingia darasani na koti jeupe lililonikaa vizuri kuliko nguo yoyote niliyowahi kuvaa. Majiko sita ya mafuta ya taa tuliyaazima kwenye nyumba za walimu, na moja lilikuwa la mke wangu, nililijua kwa mguu wake uliofungwa waya. Walimu wenzangu walijipanga ukutani. Mwezeshaji alikaa nyuma, daftari magotini, kalamu mkononi.

Nilitoa maelekezo mafupi. Kipimajoto kisiguse kitako cha sufuria. Maji yakichemka kabisa, someni, andikeni namba kwenye karatasi, mbandike ubaoni. Baada ya hapo nikafunga mdomo, na sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Ulimi uliniwasha. Mikono haikujua pa kwenda, nikaitia mifukoni, nikaitoa, nikashika chaki, nikaiacha. Darasa halikuwa kimya, lakini kelele zake hazikuwa zangu: watoto walibishana, walisukumana viwiko, mmoja alimwambia mwenzake, "Hayo si kuchemka, hayo ni kutokota tu." Mara mbili neno lilinifika kwenye meno nikalimeza. Nilitazama nyuma. Kalamu ya mwezeshaji ilikuwa imelala.

Karatasi zikaanza kubandikwa. Kundi la kwanza, 100. La pili, 100. La tatu, la nne, la tano, 100. Nilipumua. Mwisho msichana mmoja mrefu wa kundi la nyuma alikuja akabandika yake, nayo ilikuwa 100, na walimu ukutani wakapiga makofi. Nami nilikuwa nimeshainua mikono kuyapokea, ndipo nikakumbuka kwamba kundi la nyuma lilikuwa na kipimajoto kibovu.

Mwezeshaji alikuwa ameshasimama. Alikwenda kwenye sufuria yao, akainama, akamwita yule msichana. Alimwuliza kipimajoto kinasemaje.

"Mia," msichana alijibu.

"Nionyeshe iliyoandikwa mia."

Msichana aliweka kidole juu kabisa ya kioo, kwenye namba.

"Na mstari mwekundu umefika wapi?"

Kidole kilishuka. Msichana alinitazama mimi, siyo yeye, akasema kwa sauti ya kuomba radhi, "Kinasema tisini na tano. Lakini jibu ni mia."

Sikumbuki nilivyovuka darasa. Nakumbuka nimeinama juu ya sufuria ya kwanza, mvuke umeniziba miwani, nikaivua, nikasoma kwa macho matupu. Tisini na tano. Nikaenda ya pili. Tisini na tano na ushehe. Niliyapita majiko yote sita koti likipepea, kama mtu anayetafuta mtoto sokoni, na kote nilikuta namba ile ile. Kibovu na vizima vilikubaliana. Na hapo likanijia, neno kwa neno, kwa mwandiko wangu wa ubaoni, fungu ambalo kila mwaka huwapa watoto walikariri kwa ajili ya mtihani: kadiri unavyopanda juu, mgandamizo wa hewa hupungua, na maji huchemka mapema zaidi. Nimeliandika mara ishirini na sita, katika mji ambao mgeni hupanda ngazi akitweta, na sikuwahi kutazama dirishani.

Watoto walikuwa wananingoja. Mmoja aliuliza kama wafute. Nikasema wasifute. Nikasema kila kundi liandike chini ya mia kile walichokiona kwa macho yao, na kando yake waandike kwa nini waliandika mia kwanza. Hilo la pili lilinitoka tu. Darasa liliinamisha vichwa likaandika kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kuliona likiandika.

Baadaye mwezeshaji alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Ulitutega vizuri, Mwalimu. Hata mimi sikuona mtego mpaka mwisho." Alidhani nilipanga. Mwalimu mkuu naye alidhani hivyo, akanipigapiga mgongo mbele ya wote, na ripoti iliandikwa kwamba mwalimu aliruhusu matokeo yapingane na kitabu. Nilisema asante. Darasa la saba likabaki langu, na nikabaki nimesimama katikati ya pongezi, nikifungua na kufunga vifungo vya koti.

Nyumbani nilimsimulia mke wangu akiwa anakunja nguo. Nilisimulia nikitembea, kutoka mlangoni mpaka dirishani. Alisikiliza hadi mwisho, akalaza shati langu juu ya mengine.

"Bahati ni kwamba hakuna anayejua," nilisema.

"Anajua aliyepima," alisema, akachukua shati jingine.

Jumamosi nilikwenda. Njia ya kutoka kwangu hadi kwenye kile chumba cha ushonaji ni ya dakika kumi, nami niliitembea karibu saa nzima. Nilipita duka la vifaa vya ujenzi nikauliza bei ya misumari ambayo sikuihitaji. Nilimkuta mwanafunzi wangu wa zamani, nikamshika kwa mazungumzo mpaka yeye mwenyewe akaaga. Maji yakimwagika hayazoleki, nilijiambia, ya nini kwenda kuchezea matope. Lakini kipimajoto kilikuwa mfukoni, na kila nilipogeuka kurudi nilihisi kinanigusa paja.

Wateja wawili walikuwa kwenye benchi, mama mmoja na mzee aliyeshika suruali. Mpwa wangu alikuwa cherehanini. Tuliamkiana. Akauliza koti lilikuwaje, nikasema lilikaa. Akauliza kama darasa wameniachia, nikasema wameniachia. Alifurahi kwa dhati, nami sikuistahili furaha yake. Nikakitoa kipimajoto nikakiweka juu ya meza, kati ya mkasi na chaki za vitambaa, kikaratasi kikiwa bado kimefungwa shingoni.

Mguu wake uliacha kukanyaga. Alisoma lile neno, KIBOVU, wala hakukigusa.

Nilikuwa nimetunga hotuba. Ilinipotea yote. Kilichobaki ni mazoea tu, na mazoea yakafungua kinywa changu. "Maji ya mji huu," nilisema, "huchemka kwa nyuzi..." nikainua mkono, nikangoja anisahihishe.

"Mia, Mjomba," alisema, huku anatunga uzi kwenye sindano.

Hakusema kwa kejeli. Ningepata kejeli ningeishika. Alisema kama mtu anavyoitikia salamu, na hilo ndilo lililonivunja. Nikamwambia basi, vibaya vibaya, nikianzia mwisho. Nikamwambia majiko sita, vipimajoto sita, na hiki kimojawapo. Nikamwambia wananisifu kwa mtego ambao sikuutega. "Ulikuwa umepima," nilisema. "Mimi ndiye nilikuwa sijapima. Nilikukosea, na nimekuwa nikikukosea kila harusi."

Alikata uzi kwa meno. Sikumbuki kumwona akinyoosha mkono tena darasani baada ya siku ile, na kwa miaka kumi na miwili nilikuwa nimeliita jambo hilo utulivu. Mzee wa suruali alikohoa. Kisha mpwa wangu akainuka, akaenda kwenye pembe alikoweka jiko lake dogo, akamimina maji kwenye sufuria, akawasha. Tulisubiri. Nilisimama, nikaegemea mlango, nikasimama tena. Maji yalianza kunong'ona, yakatokota, yakachemka kabisa, povu kubwa kubwa likipasuka. Akaja mezani, akakikata kile kikaratasi kwa mkasi, akakitumbukiza kipimajoto kwa uangalifu, kisiguse kitako.

"Soma," alisema.

"Soma wewe, mwanangu."

"Mimi nilishasoma. Mara tatu."

Nikainama. Nilivua miwani nikasogeza uso kwenye mvuke mpaka mashavu yakaniwaka. Mstari ulipanda, ukasita, ukakaa. Nilijua ulipokaa, lakini kinywa kilikuwa kizito, na nafsi yangu yote ilitaka mtu mwingine aliseme.

Mpwa wangu alikuwa amesimama pembeni yangu, kamba ya kupimia shingoni. "Tisini na...?" alisema. Akainua mkono na nyusi kwa pamoja.

"Tano," nilisema.

Aliweka kiganja sikioni. Mama wa benchini aliacha kujipepea. Mzee akageuza suruali yake mapajani, akatutazama mmoja mmoja.

"Sijasikia, Mwalimu."

"Tano," nilisema, kwa sauti yote ya darasani, mpaka fundi wa chumba cha pili akachungulia dirishani kuuliza kuna nini.

Mpwa wangu alipunguza moto, akakitoa kipimajoto, akakifuta kwa kipande cha kitambaa cheupe kilichobaki kwenye koti langu. Alikitazama kwenye mwanga wa mlango kwa muda mrefu, akakisimamisha kwenye kopo la penseli zake.

"Kaa basi, Mjomba," alisema, akirudi cherehanini. "Maji yameshachemka."

Viti vyote vilikuwa vimejaa sare. Nikaanza kuzihamisha, moja moja, nikitafuta pa kukaa.